Kulala ndani ya lori Kabale: baridi inaingilia wapi, na unaizuia vipi

Ukipakia mzigo wa Kigali pale Mombasa, mwili wako unabaki Mombasa hadi Ntungamo. Malaba jua, Jinja jua, Kampala foleni, Lukaya unalala na kikoi na bado unatoa mguu nje. Baada ya Ntungamo barabara inaanza kupanda, masikio yanaziba, na jioni ukiegesha Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda karibu na Rwanda, unakuta wenyeji wamevaa makoti na kofia za sufu, na wewe uko na kandambili.

Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kabale karibu 2,000. Kila ukipanda mita 100 joto linapungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, kwa hiyo hata bila mvua umeshapoteza nyuzi tano. Usiku kipimo kinafika karibu na 10, na Juni na Julai, mbingu ikiwa wazi, kinateremka zaidi. Mtu wa Ulaya ataziona nyuzi 10 ni mchezo. Yeye analala nyuma ya ukuta. Sisi tunalala nyuma ya bati.

Mpaka wa Katuna, ule wa Uganda na Rwanda baada ya Kabale, ulipofungwa Februari 2019, malori mengi yakazungushwa mpaka mwingine wa Mirama Hills, kwenye joto la Kagitumba upande wa Rwanda, na mambo hayakurudi vizuri hadi ulipofunguliwa mwisho wa Januari 2022. Vijana walioanza kazi miaka ile hawakuwahi kulala Kabale. Ndio wanaoniuliza sasa, na karibu wote huanza na swali moja: ninunue hita gani? Mimi huwauliza kwanza baridi wanaisikia wapi mwilini, saa ngapi, na asubuhi kioo kinakuwaje. Bila hayo utanunua hita na utaendelea kutetemeka.

Ninayoyaandika ni ya kebini ya lori, lakini mwenye karavani au trela la kulala la mafundi wa barabara atajiona humu pia.

Unaamka kichwa kinagonga, una kichefuchefu, miguu haina nguvu

Hii naiweka mbele kwa sababu nyingine zote zitakunyima usingizi tu.

Nilikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, mwaka wangu wa kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Muhanga, tukapika chini ya trela kwa sigiri, na chakula kilipokwisha makaa yalibaki mekundu mazuri, bila moshi hata kidogo. Mzee wangu, dereva, alienda kunywa chai na madereva wenzake. Nikaibeba sigiri nikaiweka kwenye sakafu ya kebini, nikafunga vioo, nikapanda kitandani. Joto lilikuwa tamu sana. Sikumbuki nilisinzia saa ngapi. Nakumbuka mlango kufunguliwa, sigiri kurushwa kwenye matope, na sauti ya mzee: "Kijana, unataka nikamwambie nini mamako?" Hakusema lingine usiku ule. Kichwa kiliniuma hadi asubuhi.

Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na damu huishika hewa hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kufungua kioo kidole kimoja hakutoshi. Sigiri haiingii kebini, haiingii karavani, hata "kwa dakika tano ipashe tu".

Sumu hiyo hiyo inaweza kuingia bila sigiri. Ekzosi iliyotoboka chini ya kebini na injini imeachwa ikinguruma. Au lori la jirani, maana yadini tunabanana na ekzosi yake inaweza kuwa inaelekea kioo chako usiku kucha.

Sasa, watu wetu wakiumwa kichwa na kichefuchefu wanajua jina moja tu, malaria, na wanameza dawa. Jiulize hivi: mwenzako uliyelala naye kebini anaumwa pia? Mkitoka nje mkakaa nusu saa kichwa kinapungua? Malaria haimwachi mtu kwa sababu ametembea kidogo kwenye hewa safi. Kama ni ndiyo mara mbili, tafuta inakotoka hiyo hewa kabla ya kulala tena humo. Na aliyezimia, au anayeongea maneno yasiyoeleweka, mtoe nje mara moja na mpeleke hospitali, usimwache "apumzike".

Mgongo unaganda, tumbo liko sawa

Kijana ana blanketi tatu juu yake na anatetemeka. Anaomba ya nne. Mwambie aingize mkono kati ya godoro na ubao saa tisa za usiku: kule ni baridi kama jiwe la kisima.

Godoro la sponji linazuia baridi kwa sababu ya hewa iliyo ndani yake. Ukilala, mgongo na nyonga vinaikamua hewa hiyo, na godoro la kebini ambalo limeshalaliwa miaka sita halina hewa ya kukamuliwa tena. Chini yake ni ubao, chini ya ubao ni bati, chini ya bati ni upepo wa Kabale. Blanketi la juu halina la kufanya hapo.

Chukua blanketi moja kati ya zile tatu uliweke chini. Kabla ya hilo, tandika katoni juu ya ubao, tabaka mbili au tatu. Katoni za kupakia ndizi au sabuni zinafaa, zile zenye mawimbi ndani. Madukani Kabale utapewa bure au kwa shilingi chache. Gunia kavu nalo ni zuri. Usitandike nailoni ukailalia moja kwa moja, jasho litakosa pa kwenda na utaingia kwenye tatizo linalofuata. Mimi nimebadilisha katoni zangu kila safari ya pili, maana zikishika unyevu zinakuwa kazi bure.

Maji yanachuruzika kwenye kioo, blanketi linanata

Hapa ndipo penye ugomvi na wengi, kwa sababu dawa yake inaonekana kinyume.

Mtu mmoja akilala usiku mzima anatoa karibu kikombe cha maji kwa pumzi na jasho. Mko wawili, vikombe viwili. Ongeza koti la mvua lililotundikwa nyuma ya kiti, buti zenye matope, na chai iliyochemshwa kwenye gesi ndogo ndani kwa ndani. Kila kilo ya gesi inayoungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji hewani. Huyaoni hadi yaguse bati lililo baridi. Yakigusa yanakuwa matone, matone yanashuka kwenye godoro, na kitu kilicholowa hakimpi mtu joto.

Mtu akisikia baridi anaziba. Anaziba vioo, anaziba tundu la paa, anaingiza matambara kwenye kila mwanya. Siku ya kwanza anasema amefaulu. Siku ya tatu godoro linanuka uvundo, na usiku wa nne ana baridi kuliko alipoanza.

Fungua. Siyo sana: upana wa kidole, sehemu mbili. Kioo cha upande usiopigwa na upepo, na tundu la paa kama unalo, au kioo cha upande wa pili. Uwazi mmoja peke yake hewa haizunguki. Utapoteza joto kidogo, ni kweli, lakini utalala pakavu, na blanketi kavu moja linashinda mawili yaliyolowa. Makoti na buti zikae nje ya sehemu ya kulala, kwenye boksi la zana au ndani ya mfuko uliofungwa. Chai chemsha nje. Asubuhi futa vioo kwa kitambaa na ukikamue nje. Wengi wanafuta kisha wanakitundika kitambaa mle mle ndani, na maji yanarudi hewani. Godoro lisimamishe likae wima huku mnaendesha, upande wa chini uone hewa.

Mzee mmoja wa Tororo aliniambia niweke bakuli la mkaa mkavu kebini unyonye unyevu. Niliweka. Unanyonya, sikatai, lakini pumzi za watu wawili zinaushinda kabla ya saa sita.

Kabla hujajilaumu kwa pumzi zako, hakikisha siyo mvua inayovuja. Ukiona umande kwenye kila bati na kila kioo hata usiku usio na mvua, ni pumzi. Ukiona kona moja tu imelowa, na ni baada ya mvua, ni raba ya kioo cha mbele au mshono wa paa. Ukibaki na shaka, pakaushe pale, bandika kipande cha kaveera, mfuko wa nailoni, kilicho angavu kwa selotepu pande zote nne, ulale. (Kaveera zimepigwa marufuku Uganda tangu zamani, na bado hutakosa moja chini ya kiti.) Asubuhi ukikuta matone juu ya kaveera, upande wako, ni pumzi. Matone yakiwa chini yake, kati ya kaveera na bati, gari linavuja, tafuta silikoni.

Hita ya gari inapuliza baridi hata injini ikiwa imewaka

Hita ya kebini haina moto wake. Inapitisha maji ya injini kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, na feni inapuliza hewa hapo. Injini isipokuwa ya moto, hewa haitakuwa ya moto.

Angalia kwanza mshale wa joto. Ukipanda mlima na mzigo unafika katikati, ukishuka unaanguka chini kabisa, nina hakika nusunusu kwamba gari lako halina thamostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa hadi injini ipate moto. Mafundi wetu wakiona gari linachemka wanaitoa na kuitupa, na mwenye gari anashukuru kwa sababu halichemki tena. Kwenye joto la Tororo huoni tofauti. Kabale injini haipati joto lake la kazi, hita inapuliza uvuguvugu, na dizeli inaliwa zaidi. Dawa ni kurudisha thamostati na kutafuta kwa nini gari lilichemka siku ile: rejeta chafu, feni, pampu ya maji, kifuniko.

Kama mshale uko sawa na hewa bado ni baridi, gusa mipira miwili inayoingia kwenye hita, kwa uangalifu, injini ikiwa imezimwa. Yote miwili ya moto: maji yanafika, basi kasoro iko kwenye kilango cha ndani cha dashibodi, kile kinachochagua hewa ya moto au baridi, waya wake hukatika au hutoka. Mmoja wa moto na mwingine baridi: rejeta ndogo imeziba kwa kutu, na hii huwapata hasa wanaojaza maji ya mtoni badala ya kulanti, maji maalumu ya rejeta. Yote baridi: valvu imefungwa, au maji yamepungua, au kuna hewa imenasa. Maji ongeza gari likiwa limepoa. Kifuniko cha rejeta ya moto kimewachoma nyuso watu ninaowajua.

Malori mengine yaliyotumika Ulaya huja na hita ndogo ya dizeli inayojitegemea, chini ya kitanda au kwenye ukuta wa nje, na ekzosi yake nyembamba. Wengi wanaiona kama kifaa kisicho na kazi. Ni kifaa kizuri kuliko vyote nilivyovitaja, kikiwa kizima. Isipowaka, pima betri kwanza: inapoanza inavuta umeme mwingi wa kuchoma plagi yake, na voltiji ikiwa chini inajizima yenyewe. Ikitoa moshi mweupe bila joto, dizeli inafika lakini haishiki moto. Na ile ekzosi yake ifuatilie hadi mwisho kwa macho. Ikiwa imekatika chini ya sakafu, rudi juu usome tena habari ya kichwa kinachogonga.

Upepo unakupiga shingoni na huoni unakotoka

Hapa mtu wa pwani ana faida. Washa ubani au kijiti cha udi, zima feni, pitisha moshi polepole kando ya raba za milango, chini ya dashibodi, kwenye ngozi ya gia, matundu ya pedali, na pale nyaya zinapopita ukutani. Moshi ukikatika au ukiinama ghafla, ndipo penyewe. Mara nyingi ni ngozi ya gia iliyochanika, na kipande cha tyubu ya baiskeli kinatosha. Raba ya mlango iliyolala chini ijaribu kwa karatasi: fungia karatasi mlangoni, ivute; ikitoka bila kugoma, raba imechoka.

Usizibe ule uwazi wa kidole nilioutaja. Huo ni wako, umeuchagua. Huu mwingine umejichagua wenyewe.

Ulilala na joto, saa kumi alfajiri unatetemeka

Kuanzia saa kumi hadi jua linapochomoza ndiyo baridi kubwa ya usiku, na mwili wako nao uko chini. Kama ulikula jioni chapati moja na soda, hakuna kuni tena. Kula chakula kizito na chenye mafuta kabla ya kulala: maharage, viazi, karanga. Bushera ya moto ya Wakiga, wenyeji wa Kabale, uji ule wa mtama, inanifaa mimi kuliko chai, ingawa siku ya kwanza utakunja uso.

Waragi, pombe kali ya Uganda, ni kinyume chake. Inafungua mishipa ya ngozi, unasikia joto usoni kwa sababu damu ya moto imesogea nje, na joto hilo linapotea hewani. Waliokunywa ndio wanaoamka wa kwanza kutetemeka.

Mkojo usiubane kwa kuogopa kutoka. Mtu aliyebana hapati usingizi wala haoni joto, na akitoka dakika mbili akarudi analala kama mtoto.

Kingine ni mahali. Hewa baridi ni nzito, inateremka milimani na kutuama bondeni, ndiyo maana ule ukungu wa asubuhi Kabale unakaa chini huku vilima vimeshaona jua. Ukiegesha juu kidogo ya bonde unapata tofauti unayoisikia. Lakini sitakudanganya: kati ya kilima chenye joto na yadi yenye mlinzi, mimi nalala yadini. Baridi haijawahi kuninyonyea dizeli.

Kwa miguu, jerikeni ya lita tano yenye maji ya moto, yasiyochemka maana plastiki italegea, imefungwa vizuri na kuvishwa sweta la mtumba. Iweke mapajani kwanza ukiwa umekaa, kisha isukume miguuni. Soksi za kulalia ziwe kavu na zisiwe zile za mchana, hata kama unaziona hazijalowa.

Asubuhi gari haliwaki

Uliwasha feni ya hita injini ikiwa imezimwa, au ulichomeka blanketi la umeme kwenye inveta. Vitu vya kutoa joto vinakula betri kuliko taa na redio zikijumlishwa. Kwenye mfumo wa volti 24, ukipima ikasoma chini ya 24, zima kila kitu.

Wenye karavani

Yenu ina sakafu nyembamba na upepo unapita chini yake. Zungushia turubai au magunia kutoka sakafuni hadi ardhini upande upepo unakotokea, na sakafuni tandika mkeka juu ya katoni. Matundu ya hewa ya chini na ya juu yaliwekwa na mtengenezaji kwa sababu ya jiko la gesi, msiyazibe. Mtungi wa gesi ukitumika kwa muda mrefu unapoa wenyewe na moto unakuwa mdogo, hata kama gesi ipo. Upumzisheni, wala msiupashe kwa moto. Naliandika hili kwa sababu nimeona likifanywa.

Kwa karavani na kwa lori pia, kioo kikubwa ndicho kinachopoteza joto kuliko bati lililofunikwa ndani. Pazia la ndani linasaidia kiasi. Turubai juu ya kioo cha mbele, kwa nje, ncha zake zimebanwa na milango, linasaidia zaidi, na asubuhi hufuti umande. Likumbuke tu kabla ya kuondoa gari. La kwangu la kijani liko mahali fulani kati ya Kabale na Katuna.